Watu 14, Mteja Mmoja: Kupeleka Kundi Kubwa Kwenye Branchi ya Wikendi Dar es Salaam

Mkahawa wa kawaida wa Masaki au Mikocheni umepangwa kwa watu wawili wawili na wanne wanne. Meza ni ndogo, jiko ni dogo kuliko unavyodhani, na mashine ya kahawa ni moja. Sasa Jumapili saa tano asubuhi mnaingia watu 14, mmetoka ibadani, mmevaa vizuri, mna njaa, na kila mmoja ana lake. Huyu anataka omleti isiyo na kitunguu, yule anauliza kama kuna supu, mtoto analilia chipsi, na shangazi anataka chai lakini isiwe ya kifuko, iwe imechemshwa na maziwa. Mhudumu ni binti mmoja mwenye kalamu na kijidaftari. Saa nzima baadaye zimefika sahani tatu. Watatu wanakula kwa aibu, 11 wanawatazama.

Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyewaleta, na kama umeanza kusoma mwongozo huu, huenda safari hii mletaji ni wewe.

Kanuni yangu ni moja na karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatoka humo: kundi kubwa lifike mkahawani likiwa mteja mmoja. Jina moja la kuhifadhi meza, orodha moja ya chakula, mfuko mmoja wa malipo, mdomo mmoja wa kuzungumza na mhudumu. Mkishakaa, pigeni soga wote kwa pamoja mpaka mchoke.

Pesa kwanza

Ukimwambia mtu wa Dar "Jumapili njoo tule mahali" usiongeze neno, atakuja akiamini unalipa wewe, na ana haki ya kuamini hivyo. Aliyealika ndiye mwenye shughuli. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa kwenye kundi la WhatsApp utaje fedha kabla hata ya kutaja mkahawa: "Tunakwenda kwa kuchanga. Mtu mzima shilingi 30,000, mtoto nusu yake. Mwisho wa kutuma ni Alhamisi jioni." Ujumbe wa namna hiyo unaonekana mkavu, lakini unamsitiri yule ambaye mwezi huu hali yake si nzuri. Ataomba udhuru mapema, wala hatalazimika kuja akaagiza maji na kuapa kwamba alishiba nyumbani.

Njia nyingine zipo, na zote nazijua kasoro zake. Kila mtu kulipa alichokula kunawezekana mkiwa watano au sita; mkizidi hapo mhudumu atasimama mezani kwenu akitoa risiti moja moja mpaka wateja wengine waanze kupiga miluzi. Kugawa bili sawa kwa sawa kunaleta manung'uniko ya chinichini, kwa sababu aliyekunywa chai na vitumbua anamlipia aliyekula nyama na kushushia juisi mbili, na mara nyingi huyo wa chai alikunywa chai kwa kuwa ndiye mwenye mfuko mwembamba. Njia ya tatu, mmoja alipe wote kisha arudishiwe, ikatae hata kama unajijua una roho nzuri. Deni la 27,000 kwa rafiki ni dogo mno kulidai na ni kubwa mno kulisahau.

Mchango wa mapema ndio unaotufaa, na hatuhitaji kufundishwa. Watu wanaokaa vikao miezi mitatu na kuchangisha harusi ya mamilioni hawawezi kushindwa na staftahi. Mteueni mtunza hazina, na ikiwezekana asiwe mwandaaji, maana mwandaaji atakuwa na maneno mengi ya kujibu. Kila anayetuma aingizwe kwenye orodha ambayo kundi zima linaiona. Orodha ya wazi inakumbusha yenyewe, bila mtu kumfuata mwenzake kwa ujumbe wa siri.

Kiwango chenyewe usikibuni. Piga simu uombe picha za menyu, au zitafute kwenye ukurasa wao wa Instagram. Chukua sahani ya bei ya kati na vinywaji viwili, kisha ongeza kama asilimia 10 ya dharura na bakshishi. Halafu soma yale maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na sehemu nyingi bei ya kwenye menyu imeshaijumuisha. Lakini ukikuta imeandikwa kwamba bei haina VAT, hesabu inageuka: chakula cha 350,000 kinakuwa 413,000, na hizo 63,000 za juu hakuna aliyezichanga. Baadhi ya mikahawa, hasa ya hotelini, huongeza pia ada ya huduma, na ipo inayoiongeza kwa makundi makubwa tu. Yaulize haya kwenye simu. Ukiyauliza bili ikiwa mezani, umekwisha.

Siku na saa

Mlo huu ulipigiwa debe Uingereza mwaka 1895, pale Guy Beringer alipoandika katika jarida la Hunter's Weekly akiwatetea waliokesha Jumamosi usiku: wasiamshwe mapema Jumapili, wapewe mlo mmoja unaounganisha asubuhi na mchana. Hapa kwetu umegeuzwa nje ndani. Wengi wanaojaza mikahawa Jumapili hawakukesha popote. Wameamka alfajiri, wameoga, wamekwenda misa au ibada, wamesimama kwa kwaya na kukaa kwa matangazo marefu, na sasa njaa yao ni ya kweli. Hii ndiyo sababu meza zinajaa kwa mpigo badala ya kujaa polepole: ibada ya pili inatoka, na kati ya saa tano na saa saba mji mzima unataka mayai.

Basi jipangeni kinyume na mkondo. Mkienda ibada ya kwanza mkaingia mkahawani saa tatu na nusu, mtalikuta jiko bado lina pumzi na mhudumu bado anacheka. Kuja saa nane nako kuna utulivu, ila uliza kwanza, maana sehemu nyingi huifunga menyu ya asubuhi kabla ya hapo, na watu 14 waliojipanga kwa mayai hawapendi kuambiwa sasa kuna baga.

Jumamosi ya Dar ina wenyewe. Kuna misiba, kuna kitchen party, kuna sendoff na harusi zinazoanza kumaliza watu tangu asubuhi saluni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na manispaa nyingi huagiza biashara zifunguliwe kuanzia saa nne. Mpigie mwenye mkahawa umuulize anafuata ratiba gani siku hiyo. Ukiwa na Wasabato kwenye kundi, Jumamosi umewaacha nyumbani: kununua chakula mkahawani siku ya Sabato ni jambo ambalo wengi wao hawalifanyi. Na mwezi wa Ramadhani usiwaambie Waislamu wa kundi "njooni tu mkae nasi". Ahirisha mpaka baada ya Idi, au ugeuze shughuli iwe futari, na hapo utashangaa mahudhurio yatakavyopanda.

Unapohifadhi meza andika saa kwa namna zote mbili. "Saa tano asubuhi, yaani 11:00" ni maneno machache tu, lakini msimamizi wa mkahawa akiwa mgeni wa nchi, hayo ndiyo yanayozuia meza yenu kuandikwa kwenye daftari la saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna wale wa "niko njiani". Kila kundi linao. Anasema amefika Morocco na wewe unasikia maji ya bafuni yakimwagika. Wapo wanaoshauri umdanganye, umpe saa ya mapema kuliko wengine. Sipendi hila hiyo. Akiigundua mara moja ataanza kuongeza saa moja kwenye kila saa utakayomtajia maisha yake yote. Tangazeni muda wa kuagiza, si muda wa kufika: "Chakula kinaingia jikoni saa tano kamili." Chake kimo kwenye orodha, kimelipiwa, kitafika na vingine. Akikikuta kimepoa, ni kati yake na chakula chake.

Mahali

Masaki na Oysterbay kuna mikahawa mizuri, hilo halina ubishi, na ukienda Barabara ya Haile Selassie au Slipway hutakosa pa kukaa. Ila mikutano yote ikiwa huko, anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto atakuwa analipa nauli inayokaribia mchango wenyewe. Weka ramani mbele yako. Kundi la Tegeta, Mwenge na Kimara linakutana vizuri Mlimani City au Mikocheni. Waliopo Upanga na katikati ya mji wanafika Oysterbay haraka kupitia Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa mwaka 2022. Wa Kimara anaweza kushuka na mwendokasi hadi Morocco kisha akamalizia na bajaji, na wakiwa watatu kwenye bajaji moja gharama inashuka. Wa Kigamboni mpe nafasi ya kuchagua kati ya pantoni na daraja, kisha usimwulize amechelewa kwa nini.

Kabla hujaweka kianzio nenda ukapaone, au mtume aliye karibu. Picha za Instagram haziwezi kukuonyesha ngazi ambazo bibi hatazipanda, wala choo kilicho mwisho wa uchochoro. Bustani inavutia Julai upepo wa kusi unapovuma. Februari saa sita mchana bustani hiyo hiyo ni tanuri, na Aprili ni dimbwi. Uliza mvua ikinyesha mnahamishiwa wapi. Wakikujibu "haitanyesha", tafuta mkahawa mwingine.

Maswali mengine ya simu ni mafupi. Kianzio ni kiasi gani, na mkighairi kinarudi? Meza yenu mnakaa nayo muda gani? Keki ya nje inaruhusiwa, na wanatoza chochote kuikata? Kuna viti virefu vya watoto? Jina la uliyezungumza naye liandike, kisha piga tena siku moja kabla. Daftari za kuhifadhi meza zina tabia ya kubadilika zamu ya jioni inapoingia.

Mkizidi 20, kwa maoni yangu achaneni na mkahawa mdogo, mtafute hoteli yenye bufee ya Jumapili. Bei ya kichwa inajulikana tangu mwanzo, hakuna anayesubiri sahani, na watoto wanakwenda kuchota wenyewe mara nne. Chakula cha bufee mara nyingi hakina maajabu. Kinachonunuliwa pale ni amani.

Fikiri kama jiko

Hapa ndipo branchi nyingi za makundi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu hudhani jiko la mkahawa linazidiwa na wingi wa chakula. Linazidiwa na utofauti. Sahani 14 za aina tatu ni kazi nyepesi kuliko sahani nane za aina nane. Omleti inakaangwa moja kwa kikaango kimoja, na mpishi lazima aisimamie. Mayai ambayo kiini chake kinabaki kizima nayo yanataka jicho la mtu. Lakini mayai ya kuvuruga ya watu sita yanapikwa kwenye kikaango kipana kwa mkupuo mmoja. Pankeki zinapangwa foleni kwenye bamba. Supu, mtori, mbaazi za nazi na maharage vimeshaiva tangu alfajiri, vinasubiri upawa tu. Chapati, maandazi, sambusa na vitumbua vinapashwa. Matunda yanakatwa kabla hamjafika. Kwa hiyo unapochagua, gawa menyu katika makundi mawili: vilivyomo sufuriani tayari, na vinavyopikwa mkishaagiza. Nusu ya meza ile vya kwanza.

Mikahawa mingi ya mjini sasa inaweka kifungua kinywa cha Kiswahili pembeni ya kile cha Kizungu, na kwa kundi kubwa kile cha Kiswahili kina faida hata ukiacha ladha: kinakuja kwenye bakuli na sinia, kinapita mkono kwa mkono. Sinia mbili za vitumbua na sambusa katikati ya meza ndani ya dakika 10 za kwanza zitawanyamazisha watoto na wazee kwa pamoja. Ziombe mapema, zifike kabla ya kitu kingine chochote.

Kahawa ina hesabu yake. Mashine ya espreso ya mkahawa wa kawaida ina vichwa viwili. Espreso yenyewe inateremka kwa sekunde 25 hadi 30, lakini kabla yake kuna kusaga na kushindilia, na baada yake kuna kupasha maziwa kwa mvuke, kumimina na kufuta bomba. Tuseme dakika mbili kwa kapuchino moja inayostahili kuitwa kapuchino. Mkiagiza 14 mmeikalia mashine karibu nusu saa, na nyuma yenu kuna watu wengine wanaosubiri za kwao. Wa kwanza atakuwa amemaliza wa mwisho hajapata. Agizeni chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa mbili kubwa, ije na vikombe, iwe ndiyo ya kuanzia. Wapenzi wa kahawa, ambao kwenye kundi lolote huwa ni wanne au watano wenye kelele, waagize zao mapema na kwa aina moja au mbili. Kama mkahawa unatoa kahawa ya kuchuja kwenye birika, wekeni birika moja: arabika nzuri ya Kilimanjaro au Mbinga haihitaji povu ili inyweke.

Sasa orodha. Siku tatu kabla, weka kundini sahani tano tu ulizozichagua kutoka kwenye menyu na vinywaji vinne. Usitume menyu nzima, utazua bunge. Kila mtu ajibu kwa sahani, kinywaji na sharti moja kama analo. Asiyejibu hadi siku moja kabla anapangiwa supu na chapati. Hilo liseme wazi. Linaharakisha majibu ajabu. Kisha iandike orodha kwa hesabu ya sahani, maana jiko halina haja ya kujua nani ni nani: supu na chapati 5, mayai ya kuvuruga na tosti 4, pankeki 3, mtori 2. Majina baki nayo wewe, ili sahani zikifika usimame useme "mtori wa mjomba, pita huku", badala ya mhudumu kuzunguka meza nzima akiuliza mwenye mtori ni nani.

Masharti ya imani na afya yasichanganywe na masharti ya ladha. "Sipendi pilipili hoho" ni ombi. "Karanga zinanivimbisha koo" ni jambo la hospitali, na litajwe kwa msimamizi kwa simu na tena mkifika. Kama mkahawa unauza bekoni na kati yenu kuna Waislamu, usiridhike na jibu kwamba "wasiotaka hawawekewi". Uliza kama ni halali kwa ujumla, na kama kikaango cha bekoni ndicho hicho hicho cha mayai. Ukiona mtu wa upande wa pili wa simu anababaika, chagua sehemu nyingine kimyakimya bila kuligeuza mjadala kundini. Mgeni asile kwa wasiwasi.

Mezani

Meza moja ndefu ya watu 14 inapendeza kwenye picha, lakini haina mazungumzo. Mtu anasikilizana na wanne au watano wanaomzunguka. Wa mwisho huku na wa mwisho kule watakutana tena kwenye maegesho. Ukipewa uchaguzi, chukua meza mbili za mraba zilizokaribiana, watu wabadilishane nafasi baada ya kula. Meza zisogezwe na wahudumu. Nyie msianze kuburuta viti kama mnaandaa mkutano wa serikali ya mtaa.

Wazee wakae mahali ambapo hawatalazimika kuinuka kila mtu anapopita, wahudumiwe kwanza, na shikamoo zimalizwe kabla ya menyu kuguswa. Watoto wasikusanywe mwisho wa meza peke yao. Mchanganye kila mtoto na mtu mzima mmoja mwenye subira, asiwe mama yake kila mara. Akina mama wa kundi wamekuja kupumzika pia. Wewe mwandaaji kaa upande wa njia, mahali mhudumu anapokufikia bila kuinama juu ya mabega ya watu.

Mhudumu muite dada au kaka, au mdogo wangu kama umri unaruhusu, na umuulize jina mnapoketi. Yale ya "psss!" na kugonga glasi kwa kijiko yaacheni. Mwambie mapema: "Mimi ndiye wa kundi hili, chochote kikitokea njoo kwangu." Kitu kikikosewa, usiruhusu watu watano wamlalamikie kwa wakati mmoja. Inuka, mfuate kando, sema kwa sauti ya chini: chapati tatu hazijafika, yai la mama halijaiva. Wahudumu wa Dar wanajua kabisa tofauti ya mteja anayeeleza na mteja anayefoka, na jiko nalo linajua.

Mtaongea kwa sauti. Watu 14 waliokuwa hawajaonana mwezi mzima hawawezi kunong'ona, na mkahawa uliowapokea umelikubali hilo. Ila video ya mahubiri au mechi inayopigwa kwa spika ya simu ni jambo jingine, na ni kazi yako kuinyamazisha, hata kama mwenye simu ni baba mdogo. "Baba mdogo, tutaiangalia nyumbani" inatosha.

Bili

Mtunza hazina aiombe bili kabla watu hawajaanza kusimama, dakika 20 hivi kabla ya muda mliokubaliana kuondoka. Aisome. Kwa kundi kubwa makosa ni ya kawaida na mara nyingi hayana nia mbaya: juisi ya meza ya jirani imeingia kwenu, chupa moja ya chai imehesabiwa kama vikombe sita, kianzio hakikutolewa. Alinganishe na orodha ya jikoni. Ndiyo faida nyingine ya kuiandika kwa hesabu ya sahani.

Nyongeza zilizoagizwa papo hapo, ile milkisheki ya ghafla na kipande cha keki cha pili, zilipwe na aliyeziagiza, taslimu, kwa mtunza hazina, kabla hajalipa. Kulipa kwa simu kupitia Lipa Namba ni rahisi, lakini jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lifanane na jina la biashara mnayoilipa. Likija jina la mtu binafsi, muulize msimamizi kwanza. Dai risiti ya EFD. Ni wajibu wa mnunuzi kisheria, na kwenye makundi ndicho kielelezo cha mtunza hazina: apige picha aiweke kundini, swali la "mlitumia ngapi?" lisizaliwe.

Bakshishi mpeni mhudumu mkononi, taslimu, kwa jina lake. Kama waliowahudumia walikuwa wawili, semeni ni ya wote wawili huku wote wakisikia. Kama ada ya huduma ilishawekwa kwenye bili hamlazimiki, ingawa binti aliyebeba sahani 14 na kumfuta mtoto wenu juisi kichwani anastahili kitu hata hivyo.

Kisha hesabu. Tuseme mlikuwa watu wazima 10 na watoto wanne: mchango ni 360,000. Bili, nyongeza zilizolipwa kando zikiondolewa, pamoja na bakshishi imekuwa 342,000. Hizo 18,000 zilizobaki msijaribu kumrudishia kila mtu elfu moja na ushei kwa simu, makato yatacheka. Ziandikwe kundini kuwa ni akiba ya safari ijayo, au mpite nazo Coco Beach mkanunue madafu na mihogo kwa ajili ya watoto. Zikipungua, mtunza hazina aseme hapo hapo mezani, kwa tarakimu, kabla ya mtu wa kwanza kuita bajaji. Zilizopungua zinagawanywa kwa watu wazima waliopo, na mwandaaji anatoa ya kwake kwanza.